Bado Ipi

Jina lake halisi lipo, na wazazi wake walilitafuta kwa taabu, lakini saluni nzima ilimwita Dada Pole, na hata mume wake alipotaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa msusi, tena msusi wa kukaza, ambaye mistari yake hukaa kichwani bila kufumuka mpaka mwenyewe ameichoka. Kila chanuo lilipokwama, au kidole kilipovuta vinywele vya kisogoni, alisema "pole". Hilo tu. Wenzake wawili aliokuwa nao pale saluni walikuwa na midomo isiyolala; walijua nani kaolewa, nani kaachika, na nani yuko njiani kuachika ila hajaambiwa. Yeye alisuka, akasema pole, akaendelea kusuka.

Alikuwa na sharti moja kwa kila mteja. Kabla hajashika nywele alimwambia, "Ukiumia, sema." Maana vichwa viko vya aina mbili. Kuna kichwa kinacholia kabla chanuo halijatoka kabatini, na hicho hakina shida, unajua pa kulegeza. Kinachotisha ni kile kinachojikaza. Mwenyewe katulia, anajitazama kwenye kioo, kumbe ngozi imevutwa mpaka nyusi zimepanda, na siku mbili tatu baadaye anarudi na vipele. "Si ungesema?" Dada Pole humuuliza, na mteja hucheka tu. Na hapo ndipo penye kituko, kwa sababu huyu aliyewafundisha wateja kusema wanapoumia alikuwa amelelewa asiseme.

Mama yake alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, mwanamke wa mashuka, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji kabla ya umri wake. Alikuwa na hadithi moja ya kujivunia. Alizaa watoto sita katika kituo kidogo cha uzazi kilicho nyuma ya duka la dawa, bila sindano, bila kidonge na bila sauti. "Kituo kizima hakikujua kama nimezaa," alikuwa akisema, "mpaka mtoto alipolia." Aliisimulia harusini, akaisimulia msibani, akamsimulia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Watoto wake waliijua kiasi kwamba akifika penye "hakikujua kama nimezaa" wote huitikia kwa pamoja, "Mpaka mtoto alipolia!" Naye hucheka, akajipangusa mikono kwenye nguo hata kama haina maji.

Dada Pole alipopata mimba ya kwanza, mume wake, fundi wa friji mwenye mizaha mingi kuliko misumari, alileta wazo. "Hospitali kubwa wana sindano ya mgongo," alisema. "Unachomwa, unakaa, unaagiza chai. Mtoto anakuja mwenyewe kama mgeni aliyealikwa." Mama mkwe wake, yule dobi, alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Fundi," alimwambia, "friji ikiharibika tutakuita. Hili tuachie wenyewe." Wakacheka, mjadala ukaishia hapo.

Wala Dada Pole hakulazimishwa. Kituo alikitaka mwenyewe. Alizaliwa pale, na alipomsindikiza dada yake kujifungua aliona wakunga wanavyomwacha mzazi atembee kwenye korido, aegemee dirisha, apige magoti akitaka, huku mmoja wao akimkanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto. Dawa ya kuzuia maumivu haikuwepo, ila mikono ilikuwepo. Kwa mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake, hilo lilimtosha.

Siku ilipofika walikwenda asubuhi kwa miguu. Aliyewapokea ni Sista mkubwa, mkunga mnene mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi isimdondokee kazini. Alimpima, akamwekea tumboni kile kikombe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio. "Anatwanga huyu," alisema. "Moyo mzuri." Asubuhi yote mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Uchungu unakuja, unapanda, unafika kileleni, unaachia. Ukiachia, mtu anapumua, anapiga funda la chai, anatembea tena mpaka dirishani na kurudi. Mama yake alitembea naye kiganja kwa kiganja, na kila uchungu ulipopanda alimnong'oneza, "Jikaze, mwanangu. Usitoe sauti."

Naye alijikaza. Aliuma pindo la shuka, akakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili, na sauti haikutoka. Sista alipita na beseni lake, akasimama. "Wewe mama, lia basi. Hapa hakuna zawadi ya kunyamaza. Hujasikia kwamba mficha uchi hazai?" Dada Pole alitaka kutabasamu akashindwa. Mama mtu ndiye aliyejibu, tena kwa kujidai: "Sisi ndivyo tulivyo, Sista."

Mchana akaletwa mwanamke mwingine, muuza mitumba wa sokoni, mwenye mapacha. Huyo hakuficha kitu. Alimwita mama yake, akamwita Mungu, akamwita mume wake kwa majina yasiyoandikika, na kituo chote, yaani wakunga wawili na mabeseni yao, kikahamia chumbani kwake. Nani wa kumlaumu? Anayelia ndiye anayesikika.

Wakati huo huo uchungu wa Dada Pole ukabadilika. Ulipanda, ukafika kileleni, ukabaki huko huko. Alisubiri uachie. Haukuachia. Tumbo likawa gumu kama meza, na kuligusa tu kukawa balaa. Alidhani labda ndivyo unavyokuwa mwishoni. Hakuwahi kuzaa, angejuaje? Akamtazama mama yake amsome usoni. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Jikaze," alisema bila kuyafumbua.

Pazia likafunguka kidogo, kichwa cha Sista kikaingia, miwani imepanda juu ya paji la uso. "Vipi mama, uchungu bado?"

"Bado," alisema Dada Pole.

"Haya, vizuri. Nakuja." Pazia likafungwa.

Sasa litazame neno hilo. Sista alikuwa anauliza kama uchungu wenyewe, ule wa kusukuma, haujafika. Akajibiwa haujafika. Dada Pole alisikia anaulizwa kama uchungu ungali unamuuma. Akajibu ungali, haujaacha hata chembe. Kila mmoja alisema kweli, na kweli mbili zikapishana mlangoni bila kusalimiana. Angeongeza neno moja tu, angesema "bado hauachii", au angepiga yowe moja kama la yule wa mitumba, Sista angeingia mwili mzima badala ya kichwa. Lakini mtu aliyezoea kubana sauti hubana na maneno.

Sista aliporudi, mapacha wakiwa wameshalia wote wawili, aliweka mkono juu ya tumbo lile na uso wake ukabadilika hapo hapo. Akachukua kikombe cha mbao. Akainama, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Akamwambia mwenzake anyamaze, na mwenzake hakuwa amesema kitu. Gari la wagonjwa likaitwa. Damu iliyokuwa imejificha ndani ikatafuta njia, na kabla gari halijafika mtoto akatoka, wa kiume, kamili, vidole vyote na kucha zake, na nywele nyingi nyeusi zilizolala kichwani kwa mistari kama zilizoshikwa na msusi. Hakulia. Mama yake naye hakulia. Hadithi ile ya sifa ilirudi siku hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka, kwa maana nje kwenye benchi watu waliendelea kupongezana kwa ajili ya mapacha, na hakuna aliyejua kama chumba cha pili kuna mtu amezaa.

Hospitali kubwa walimwongezea damu, wakamweleza. Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati. Uchungu usioachia ndiyo dalili yenyewe, alisema daktari, kwa upole, akitazama pembeni. Ukibeba mimba nyingine, njoo uzalie hapa. Baba yake na wajomba walimzika mtoto wakati Dada Pole yuko kitandani na mrija mkononi, kwa hiyo hata kaburi alilijua kwa kuelekezwa.

Kisha pole zikaja. Neno alilokuwa akiligawa miaka yote, kichwa baada ya kichwa, likamrudia lote kwa mpigo. Wengine walilisema vizuri, wakakaa, wakaosha vyombo, wakaondoka. Wengine walikuwa wa kupigwa ufagio: "Utapata mwingine," walimwambia, kama vile kavunja sahani. Sista naye alikuja na machungwa kwenye mfuko. Dada Pole alimsikia sauti mlangoni, akageukia ukutani, akajifanya amelala. Sista alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, kisha akaenda. Machungwa yakaliwa na fundi moja moja, kwa huzuni, kwa sababu hakuna aliyetaka kuyatupa wala kuyala.

Lililomkaa zaidi rohoni halikuwa Sista. Lilikuwa "jikaze". Usiku na mchana aliisikia ile sauti ya mnong'ono, na alimchukia mama yake, na akajichukia kwa kumchukia. Mama aliendelea kuja, akafua nguo zote za nyumba ile, hata safi. Hadithi yake hakuisimulia tena. Harusini watu walipomchokoza, "Bibi, hebu tuambie, kituo kizima!" alijifanya hasikii, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa kweli hasikii, maana sikio moja lilikufa kabisa na lililobaki likawa la kubahatisha. Hawakugombana hata siku moja, mama na mwana. Heri wangegombana. Walisalimiana, wakapakuliana chakula, wakaulizana dawa, na lile jambo likakaa kati yao kama kabati ambalo kila mtu amezoea kulizunguka.

Na saluni, unajua tena watu wa saluni. Mteja mgeni hajakaa vizuri kwenye kiti, keshauliza: "Dada, una watoto wangapi?" Lugha yetu ina adabu zake. Mwanamke mwenye umri wake haambii watu "sina"; ni kama kujilaani. Husema "bado". Kwa hiyo Dada Pole, vidole vikiwa kati ya nywele za mtu, alisema, "Bado." Mteja akaitikia, "Mungu atakujalia," na kioo kikaonyesha nyuso mbili, moja inatabasamu. Bado. Kila alipolisema alihisi amemkana yule mwenye nywele za mistari, amemwambia hakuja. Lakini angesema nini? Angeeleza vipi, na mkononi ana uzi na chanuo? Wenzake walimhurumia mpaka wakajifunza kumkatiza mteja kabla hajauliza, wakaingiza habari ya mtu aliyeachika.

Mtaa wa duka la dawa aliuacha. Kutoka kwake mpaka saluni njia fupi ilipita pale, mbele ya lile benchi la nje na mlango wa kijani. Yeye alizunguka kwa gereji na soko la mbao. Fundi alijua, akawa naye anazunguka hata akiwa peke yake.

Mimba ya pili ilichelewa, ilipokuja hakuitangaza. Iliongezeka chini ya aproni ya kazi mpaka wateja wakaigundua kwa kuguswa nayo mabegani. Safari hii hapakuwa na mjadala wala mzaha. Ni hospitali kubwa, ni sindano, ni daktari, na begi lilikaa tayari nyuma ya mlango. Mama hakusema neno. Siku hizo alikuwa ameacha kazi ya mashuka, akawa anashinda saluni kwenye kigoda karibu na dirisha, anachambua nywele za bandia na kuzipanga mafungu, sikio lake zima likielekea walipo watu.

Ilikuwa siku ya mvua, mvua ile ya kuangusha mitaro. Dada Pole alikuwa kwenye kichwa cha mwalimu mmoja, upande umeshasukwa na upande umesimama wima, uchungu ukamshika ghafla kwa nguvu ya mtu mwenye haraka. Akashika mgongo wa kiti. Mwalimu akamwona kwenye kioo. "Dada, umebadilika rangi." Maji yakamwagika sakafuni, na hayakuwa ya mvua.

Fundi alipigiwa simu. Alikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja limefunikwa na maji, na kwenda hospitali kubwa lazima ulivuke. Walisikia anapiga kelele kwa watu wa huko, kisha simu ikakatika. Wale wenzake wa saluni, mabingwa wa maneno, siku hiyo waliishiwa. Mama ndiye aliyesimama kwenye kigoda chake. "Twende kwa Sista," alisema.

"Siendi pale."

"Mwanangu."

"Mama, siendi pale!" Kisha uchungu ukaja tena, ukamkatia mjadala. Alijua hana pa kwenda pengine. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake: kwamba ataingia kwenye mlango ule ule na tumbo, na atatokea kwenye mlango ule ule na mikono mitupu.

Wakapita njia fupi. Mwalimu aliwashikia mwavuli, nusu ya nywele zake ikiloa na kusinyaa, na watu waliojikinga barazani walimtazama yeye zaidi kuliko mjamzito. Sista mkubwa alikuwa mlangoni anafagia maji. Alikuwa amezeeka kidogo, na ile miwani ilikuwa na uzi mpya. Alimtambua hapo hapo. Akaegemeza ufagio. Hakusema karibu. "Leo sitoki chumbani kwako," alisema. "Hata kituo kiungue."

Chumba kilikuwa kile kile, pazia jingine. Sista aliweka kikombe cha mbao tumboni akasikiliza, akamwonyesha kwa kidole hewani jinsi moyo unavyopiga, tu-tu-tu, ili asimuulize. Kila baada ya muda alirudia. Katikati alimkanda kiuno kwa maji ya moto, mikono ile ile, na Dada Pole aliona haya kwamba mikono ile bado inamfariji. Alilala ubavu, akapiga magoti, akasimama dirishani. Sauti haikutoka. Hakuibana makusudi, alipoitafuta hakuijua ilipo.

"Uchungu ukoje?" aliuliza Sista.

"Bado."

Sista aliacha kumkanda. Akazunguka, akapiga magoti mbele yake sakafuni, mwanamke mnene vile, uso kwa uso. "Bado ipi?" alisema. "Bado haujafika, au bado haujaondoka? Mimi neno hilo siliulizi tena tangu siku ile, na leo silipokei. Niambie, mama. Safari hii niambie."

Dada Pole alifungua kinywa. "Haujaondoka," alisema. Kisha, kama mtu anayejifunza kusoma: "Unapungua. Sasa... umeachia." Sista akafumba macho akapumua. "Asante," alisema. Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja akitaja na mwingine akisikiliza: unakuja, umepanda, hapo hapo, unaachia. Lakini uchungu ulipokaribiana mpaka ukakosa nafasi, maneno yakamwisha, na hofu ya zamani ikamjia na kumkaba. Akauma shuka. Tumbo limekaza, je, litaachia? Akawa anajikaza kama zamani, nyusi zimepanda, hasikiki hata kupumua.

Mama alikuwa amekaa kichwani pake muda wote bila neno. Hapo akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa dobi. "Piga kelele," alisema.

Dada Pole alimtazama kwa mshangao, shuka likiwa mdomoni.

"Piga kelele, mwanangu. Mimi nitasikiliza."

"Kwa sikio lipi, mama?" Lilimtoka lenyewe, katikati ya yote yale, na Sista akacheka kwa pua.

"Hili zima," mama alisema, akaligusa. "Piga!"

Akapiga. Kwanza ilitoka ndogo, ya kukwaruza, sauti ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Ya pili ilipata njia. Ya tatu iliwafikia watu wa benchi la nje, ambako mwalimu na kichwa chake cha nusu alisimama akashika ukuta. Dada Pole alilia uchungu wa siku ile, na ule mwingine uliokuwa umekaa miaka bila kutolewa, na kila "bado" aliyoisema mbele ya kioo. Hakusikia Sista anavyomwambia sukuma. Aliona mdomo wake tu. Hakusikia mvua. Alipiga kelele mpaka masikio yake mwenyewe yakaziba, na bado alikuwa anapiga kelele wakati mama yake alipoanza kumtikisa bega.

"Amelia! Mwanangu, amelia! Nimemsikia mimi!"

Akanyamaza. Na hapo naye akasikia, sauti kali ya hasira ya mtoto wa kike anayelalamikia baridi.

Baadaye, Sista alipomaliza kazi yake na kufunga kitovu, alisimama akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Mimi nilikuuliza vibaya," alisema. Dada Pole akajibu, "Na mimi nilikujibu vibaya." Hawakuongeza. Sista akatoka kwenda kumwambia mwalimu aende nyumbani, na ilisikika akimsihi afunike kichwa kwanza.

Wakabaki watatu. Fundi alikuwa njiani, anakuja kwa kuzunguka mji mzima. Mvua ilipungua. Mtoto alinyonya kidogo akalala, na Dada Pole akamtazama nywele, akaona hazina mistari, zimesimama ovyo ovyo kila upande.

"Mama," alisema. "Siku ile. Kwa nini uliniambia ninyamaze?"

Mama alikuwa anakunja mashuka kwa mazoea. Hakusikia, au alijifanya. Dada Pole akamvuta akae upande wa pili, upande wa sikio zima, akauliza tena. Mama alikunja shuka lililokuwa mkononi mpaka likawa dogo kabisa, akaliweka magotini.

"Nyinyi hamkuwa sita," alisema. "Mlikuwa saba. Kabla ya kaka yenu mkubwa kulikuwa na mmoja. Hapa hapa. Nilipiga kelele, mwanangu, kuliko yule wa mitumba, kuliko wewe leo. Alitoka mimi ningali napiga kelele, hata sikujua kama ametoka. Nilipotulia alikuwa ameshaondoka. Mkunga wa siku hizo akaniambia usilie sana, mwanao amelia, amelia mara moja, sauti ndogo. Akadhani ananifariji." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Sauti yake yote ya hapa duniani ndiyo ile, na mimi nikaifunika kwa ya kwangu. Ndiyo maana hao wengine nilinyamaza. Nisije nikaikosa tena. Na wewe nilitaka usiikose."

 Dada Pole alikumbuka kichwa kilichoinama upande mmoja, macho yaliyofumbwa, na kila harusi ambayo hadithi ile ilichekewa.

"Pole, mama," alisema.

Mama akatikisa kichwa, machozi yakidondoka juu ya shuka safi.

"Wangu hakulia, mama," alisema Dada Pole. "Hata mara moja."

"Najua, mwanangu," alisema mama. "Nilikuwa nasikiliza."